Muziki Mrefu Katika Njia Nyembamba: Kuanzishwa kwa Redio za Intaneti za Wapenzi wa Roki Progresivu Nchini Marekani, 1994–2002

Ikisiri

Insha hii inachunguza mazingira ya kihistoria yaliyowawezesha wapenzi wa roki progresivu kuanzisha vituo vyao vya redio kwenye intaneti nchini Marekani kati ya mwaka 1994 na 2002. Hoja yake kuu ni kwamba intaneti haikuondoa gharama za utangazaji, bali ilizihamisha. Gharama ambayo awali ililipwa kwa ajili ya mnara na leseni ya masafa iligeuka kuwa gharama inayopanda kwa kila msikilizaji anayejiunga. Mabadiliko hayo yaliwaelemea waliotafuta hadhira kubwa, lakini yaliwafaa wale ambao hadhira yao ilikuwa ndogo, iliyotawanyika na yenye mapenzi ya dhati. Insha inaonesha vilevile kwamba kilichokaribia kuvizima vituo hivyo hakikuwa upungufu wa teknolojia, bali viwango vya mrabaha vilivyotokana na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998.

1.0 Utangulizi

Historia ya redio huandikwa mara nyingi kwa kufuata vituo vikubwa: vya serikali, vya kampuni za kibiashara, na vya mashirika ya kimataifa. Vituo vidogo vilivyoanzishwa na watu wa kawaida kwa sababu ya mapenzi yao kwa aina moja ya muziki huachwa pembeni, ingawa ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kuonesha intaneti ingeweza kuifanyia nini redio. Miongoni mwao ni vituo vya roki progresivu.

Katika insha hii, istilahi roki progresivu inarejelea tawi la muziki wa roki lililochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Wanamuziki wake walichukua magitaa na ngoma za roki wakaziunganisha na vinanda vya kielektroniki, mbinu za muziki wa klasiki wa Ulaya, na jazi. Albamu In the Court of the Crimson King ya kundi la King Crimson, iliyotolewa Oktoba 1969, hutajwa na wengi kuwa mwanzo wa tawi hilo. Sifa yake inayohusika zaidi na mada yetu ni urefu: kipande kimoja huweza kuwa na sehemu kadhaa, mapigo yanayobadilika, na muda wa robo saa au zaidi. Redio ya intaneti, kwa upande wake, ni matangazo ya sauti yanayotiririka kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta ya msikilizaji, naye husikiliza papo hapo bila kusubiri kupakua faili nzima.

Maswali matatu yanaongoza uchunguzi huu. Kwanza, kwa nini muziki huu ulikosa nafasi katika redio ya kawaida? Pili, kuanzisha kituo kwenye intaneti kulihitaji nini hasa? Tatu, kwa nini baadhi ya vituo vilidumu ilhali vingine vilifungwa? Uchunguzi unajikita Marekani kwa kuwa huko ndiko programu nyingi za utiririshaji zilikobuniwa, na ndiko mgogoro wa mrabaha ulikofikia kilele.

2.0 Usuli: Wimbo Mrefu na Redio ya Kibiashara

Redio ya kibiashara huuza muda. Kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara huhitaji mapumziko ya mara kwa mara ili kuyapenyeza, na huhitaji nyimbo fupi ili msikilizaji asiyependa wimbo mmoja asubiri kidogo tu hadi unaofuata. Roki progresivu haikuingia katika kipimo hicho. Mwaka 1972 pekee, kundi la Yes lilitoa kipande "Close to the Edge", chenye zaidi ya dakika 18 na kilichojaza upande mzima wa santuri. Genesis walitoa "Supper's Ready", chenye takriban dakika 23. Nao Jethro Tull walitoa Thick as a Brick, kipande kimoja kilichoenea pande zote mbili za santuri kwa zaidi ya dakika 40.

Hata hivyo, kwa muda mfupi vipande vya namna hii vilisikika redioni nchini Marekani. Sababu yake ilikuwa uamuzi wa kiutawala. Mwaka 1964 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipitisha kanuni iliyovizuia vituo vya FM katika miji yenye wakazi zaidi ya 100,000 kurudia tu matangazo ya vituo vya AM vya mmiliki yuleyule. Wamiliki walijikuta na saa nyingi tupu za kujaza, huku wasikilizaji wa FM wakiwa bado wachache. Pengo hilo likawapa watangazaji uhuru. Aprili 1967 Tom Donahue alianza kupiga albamu nzima nzima katika kituo cha KMPX mjini San Francisco, na mtindo huo ukaenea. Mtangazaji alichagua santuri mwenyewe, na dakika 20 bila kukatizwa hazikuwa kosa.

Uhuru huo ulitegemea uchache wa wasikilizaji, na ulipungua kadiri walivyoongezeka. Hadhira ya FM ilipokua katika miaka ya 1970, washauri wa vituo, maarufu miongoni mwao Lee Abrams, waliandaa orodha za nyimbo zilizofanyiwa utafiti wa soko, na uchaguzi ukatoka mikononi mwa mtangazaji. Kufikia miaka ya 1980, makundi makongwe yaliyotaka kubaki redioni yalifupisha kazi zao. Yes wenyewe walifika kileleni mwa chati za Marekani kwa wimbo wa kawaida wa redio, "Owner of a Lonely Heart", uliotolewa mwaka 1983.

Muziki wenyewe haukufa. Marillion wa Uingereza walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1983. Änglagård wa Sweden walitoa Hybris mwaka 1992. Spock's Beard wa California walitoa The Light mwaka 1995. Tamasha la ProgDay lilianza Carolina ya Kaskazini mwaka 1995, na NEARfest huko Pennsylvania mwaka 1999. Wapenzi walikuwepo, ila katika kila mji walikuwa wachache mno kiasi cha kutoweza kukibeba kituo cha FM. Sheria ya Mawasiliano iliyotiwa saini tarehe 8 Februari 1996 ilizidi kuufunga mlango. Iliondoa ukomo wa kitaifa wa vituo 40 kwa mmiliki mmoja, na katika miaka michache kampuni ya Clear Channel ikawa na takriban vituo 1,200. Orodha za nyimbo zilipangwa mbali na wasikilizaji, na muziki wa wachache ukakosa mtetezi.

3.0 Kufunguka kwa Njia Mpya, 1993–1999

Sauti ilianza kusafiri kwenye intaneti kabla ya watu wengi kuwa na vifaa vya kuipokea. Mwaka 1993 Carl Malamud alianzisha Internet Talk Radio, kipindi cha mahojiano kuhusu kompyuta. Tarehe 7 Novemba 1994 kituo cha wanafunzi cha WXYC, katika Chuo Kikuu cha Carolina ya Kaskazini mjini Chapel Hill, kilianza kurusha matangazo yake ya kawaida kwenye intaneti. Vyuo vikuu vilikuwa na njia pana za mawasiliano. Mwananchi wa nyumbani alikuwa na modemu na laini ya simu.

Kwa hiyo swali la kiufundi lilikuwa hili: muziki utabanwa kiasi gani ili upite kwenye laini ya simu na bado ubaki muziki? Sauti ya diski ya CD huchukua takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Modemu bora ya katikati ya miaka ya 1990 ilipokea kilobiti 28.8. Programu ya RealAudio, iliyotolewa Aprili 1995 na kampuni ya Rob Glaser mjini Seattle, ilithibitisha kwamba sauti inaweza kusikika papo hapo kwa uwezo huo mdogo, japo kwa ubora uliokaribia ule wa redio ya AM. Mfumo wa MP3, ulioendelezwa kwa sehemu kubwa na watafiti wa Fraunhofer nchini Ujerumani, ulipunguza ukubwa wa muziki hadi takriban sehemu moja ya kumi na moja katika kiwango cha kilobiti 128, na zaidi ya hapo kwa wale waliokubali kupoteza ubora.

Hatua iliyowafungulia njia watu binafsi ilikuja kati ya mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999. Kampuni ndogo ya Nullsoft, ambayo tayari ilikuwa imetoa kicheza muziki cha Winamp mwaka 1997, ilitoa programu ya SHOUTcast. Karibu wakati huohuo ilitoka Icecast, programu huria yenye kazi ileile. Kuanzia hapo, mwenye kompyuta, mkusanyo wa muziki na njia ya intaneti aliweza kuwa kituo cha redio bila leseni ya masafa na bila mnara. Mwaka 1999 ilianza pia huduma ya Live365, iliyowapa watu binafsi nafasi kwenye seva zake.

Wapenzi wa roki progresivu walikuwa wameshajifunza kutumia intaneti kwa vitendo. Mwaka 1997 mashabiki wa Marillion nchini Marekani walichangishana takriban dola 60,000 ili kundi hilo liweze kufanya ziara ambayo lisingeimudu. Tukio hilo lilithibitisha jambo ambalo redio ya FM isingeweza kulithibitisha: kwamba watu waliotawanyika katika miji mingi wanaweza kuwa hadhira moja. Vituo vya mwanzo vya muziki huu, kama vile Aural Moon na Delicious Agony, vilijengwa juu ya msingi huo.

4.0 Kuanzisha Kituo: Kazi na Gharama

Kazi ya kwanza ya mwanzilishi ilikuwa kugeuza mkusanyo wake wa diski kuwa faili. Kila diski iliingizwa kwenye kompyuta, ikanakiliwa, ikasimbwa, kisha ikaandikiwa jina la msanii, albamu, kipande na mwaka. Uandishi huo haukuwa pambo. Mtiririko wa SHOUTcast ulibeba jina la kipande pamoja na sauti, na msikilizaji aliliona kwenye kioo cha kompyuta yake. Kwa muziki ambao makundi yake mengi hayakujulikana nje ya nchi zao, jina hilo lilikuwa sawa na mwaliko: mtu aliyesikia kundi la Sweden kwa mara ya kwanza aliweza kwenda kulitafuta siku hiyohiyo.

Kazi ya pili ilikuwa kupanga saa. Roki progresivu ilikuwa na wafuasi Ulaya, Japani na Amerika ya Kusini, hivyo jioni ya mtangazaji ilikuwa usiku wa manane au asubuhi ya wasikilizaji wake. Kituo kilihitaji programu ya kuchagua nyimbo yenyewe saa 24, na juu yake vipindi vya watangazaji wa kujitolea. Kanuni ya kuchanganya nyimbo za dakika nne haikutumika hapa, kwani kipande cha dakika 23 kilipoanza kilichukua zaidi ya theluthi ya saa. Mpangaji alilazimika kufikiri kwa vipimo vya upande wa santuri, kama walivyofikiri watangazaji wa FM wa mwaka 1967.

Kazi ya tatu, na ngumu kuliko zote, ilikuwa kufikisha sauti kwa watu wengi. Hapa ndipo tofauti ya kimsingi kati ya redio mbili inapodhihirika. Mnara wa FM hutumia umeme uleule iwe wanasikiliza watu kumi au laki moja. Msikilizaji mpya hamgharimu mtangazaji chochote. Kwenye intaneti, seva humtumia kila msikilizaji nakala yake ya mtiririko. Tuchukue njia ya kukodi iliyokuwa ya kawaida kwa ofisi za wakati huo, ya T1, yenye uwezo wa kilobiti 1,544 kwa sekunde. Ikiwa mtiririko ni wa kilobiti 24, ambao mwenye modemu ya kilobiti 56 aliweza kuupokea bila kukatika, njia hiyo ilitosha wasikilizaji 64. Ikiwa mtiririko ni wa kilobiti 128, wenye ubora ambao muziki wa aina hii unastahili, wasikilizaji 12 waliijaza.

Mtangazaji wa nyumbani alikuwa katika hali ngumu zaidi. Modemu ya kilobiti 56 ilipokea kwa kasi hiyo lakini ilituma kwa kilobiti 33.6 tu, kiasi cha mtiririko mmoja. Suluhisho lilikuwa kutuma mtiririko huo mmoja kwenye seva iliyokodiwa mahali penye njia pana, nayo ikautawanya kwa wasikilizaji. Kwa namna hiyo mtu mmoja chumbani mwake aliweza kusikika katika mabara kadhaa, lakini ankara ya seva ilipanda pamoja na idadi ya wasikilizaji. Mafanikio yenyewe yalikuwa gharama. Kituo kilichopendwa ghafla kilikabiliwa na uchaguzi wa kupunguza ubora wa sauti, kuweka ukomo wa wasikilizaji, au kuomba michango.

5.0 Sheria na Mgogoro wa Mrabaha, 1998–2002

Tarehe 28 Oktoba 1998 Rais Clinton alitia saini sheria mpya ya hakimiliki katika mazingira ya kidijitali. Nchini Marekani, redio ya FM huwalipa watunzi wa nyimbo, lakini haiwalipi wasanii wala wamiliki wa rekodi. Redio ya intaneti ilitakiwa kuwalipa wote. Badala ya kumwomba idhini kila mmiliki, kituo kiliruhusiwa kutumia leseni ya kisheria mradi kifuate masharti.

Masharti hayo yaliigusa roki progresivu kwa namna ya pekee. Ndani ya saa tatu, kituo hakikuruhusiwa kupiga zaidi ya vipande vitatu kutoka albamu moja, wala zaidi ya viwili mfululizo. Wala zaidi ya vipande vinne vya msanii mmoja, au vitatu mfululizo. Aidha, orodha ya nyimbo haikuruhusiwa kutangazwa mapema. Lengo lilikuwa kuzuia watu kurekodi albamu nzima. Lakini albamu nyingi za muziki huu zimetungwa ili zisikilizwe mwanzo hadi mwisho. Sheria ilikataza jambo ambalo Donahue alilifanya mwaka 1967 bila kuulizwa, isipokuwa pale mmiliki wa rekodi alipotoa idhini yake mwenyewe. Hata hivyo, masharti yalikuwa na sura mbili. Thick as a Brick, ikihesabiwa kuwa vipande viwili kwa pande zake mbili, ingeweza kupigwa yote. Albamu yenye nyimbo kumi fupi isingeweza. Vilevile sheria ilivitaka vituo vioneshe jina la kipande, albamu na msanii kila ilipowezekana kiufundi, jambo ambalo vituo hivi vilikuwa vikilifanya kwa mapenzi.

Kiwango cha malipo ndicho kilichozua mgogoro. Februari 2002 jopo la usuluhishi lilipendekeza vituo vya intaneti pekee vilipe senti 0.14 za dola kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji. Tarehe 1 Mei 2002 vituo vingi vilinyamaza kwa siku moja kupinga. Tarehe 20 Juni Mkutubi wa Bunge la Marekani, James Billington, alipunguza kiwango hadi senti 0.07, kikiwa na malimbikizo kuanzia Oktoba 1998 na kima cha chini cha dola 500 kwa mwaka.

Hesabu ya mfano itasaidia kuonesha uzito wa uamuzi huo. Kituo chenye wasikilizaji 100 wakati wote, kikipiga nyimbo 15 kwa saa, hufikisha usikilizwaji 13,140,000 kwa mwaka. Kwa senti 0.07, deni ni dola 9,198. Kwa kiwango cha jopo lingekuwa dola 18,396. Kwa kituo kisicho na matangazo ya biashara, hicho ni kiasi cha kufunga milango. SomaFM ya San Francisco, iliyopiga aina nyingine za muziki, ilisimamisha matangazo mwezi huohuo wa Juni.

Lakini sheria ilihesabu nyimbo, haikuhesabu dakika. Kituo chenye wasikilizaji haohao 100, kikipiga vipande vya dakika nane kwa wastani, kingedaiwa takriban nusu, yaani dola 4,599. Kikipiga vipande vya dakika 20 tu, kingedaiwa dola 1,840 hivi. Urefu ule ule ulioufukuza muziki huu kwenye FM ukawa nafuu yake kwenye intaneti. Hakuna aliyeikusudia nafuu hiyo. Ilitokana na namna wanasheria walivyochagua kipimo.

Tarehe 4 Desemba 2002 ilitiwa saini sheria iliyoruhusu makubaliano maalumu kwa watangazaji wadogo wa intaneti, ili walipe sehemu ya mapato au matumizi yao badala ya kulipa kwa kila usikilizwaji. SomaFM ilikuwa imerejea mwezi mmoja kabla. Vituo vidogo vilipata pumzi, ingawa kima cha chini cha mwaka kilibaki mzigo kwa kituo kisichokuwa na mapato kabisa.

6.0 Mjadala

Maelezo yaliyotangulia yanapinga dai la kawaida kwamba intaneti iliifanya redio kuwa bure na huru. Kizuizi cha masafa kilipoondoka, kizuizi kingine kilichukua nafasi yake, nacho kilipimwa kwa kichwa cha msikilizaji: seva ilihesabu watu, na mrabaha ukahesabu watu. Kwa kampuni zilizokusanya mamilioni ya wasikilizaji kwa matumaini ya faida ya baadaye, kipimo hicho kilikuwa hatari.

Kwa kituo cha roki progresivu, hesabu ilikuwa tofauti. Hadhira ya watu mia moja waliotoka nchi ishirini iliweza kubebwa na seva ya kukodi na michango ya wasikilizaji wenyewe. Mia hao hawakuwa wapita njia. Walikuwa watu waliokosa muziki wao redioni kwa karibu miaka ishirini. Zaidi ya mashabiki 12,000 wa Marillion walilipia albamu Anoraknophobia, iliyotoka mwaka 2001, kabla haijarekodiwa. Hadhira yenye tabia hiyo huwa tayari kulipia hata kile inachoweza kukisikiliza bure. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba chenyewe kilikuwa kidogo.

Uchache huo, hata hivyo, ulikuwa pia udhaifu. Kituo kilichotegemea mfuko na muda wa watu wachache kiliweza kunyamaza pindi mmoja wao alipochoka. Kilichotegemea huduma ya mwenyeji kilibebwa na hatima ya mwenyeji huyo: masharti nafuu kwa watangazaji wadogo yalipokoma mwishoni mwa mwaka 2015, Live365 ilizima seva zake Januari 2016, na vituo vilivyokaa juu yake vikapoteza makao, kabla huduma hiyo haijafufuliwa mwaka 2017. Kudumu kwa kituo, basi, kulitegemea mambo matatu kwa pamoja: hadhira ndogo inayojitolea, umiliki wa njia yake yenyewe ya kurushia, na sheria inayotambua kwamba mdogo si sawa na mkubwa.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba roki progresivu ilipoteza nafasi kwenye redio kwa sababu ya urefu wake na utawanyiko wa wapenzi wake, na kwamba mambo hayohayo mawili ndiyo yaliyoisaidia kuishi kwenye intaneti. Utawanyiko haukuwa kikwazo tena pale msikilizaji wa Japani na wa Pennsylvania walipoweza kuunganishwa na seva moja. Urefu ukapunguza mrabaha ulipohesabiwa kwa wimbo. Teknolojia ilifungua mlango kati ya mwaka 1994 na 1999, lakini ni sheria ya mwaka 1998 na maamuzi ya mwaka 2002 yaliyoamua nani angebaki ndani.

Kwa watafiti wa vyombo vya habari, funzo lililopo linavuka mipaka ya aina moja ya muziki. Kila muziki wenye wapenzi wachache katika kila mji na wengi katika dunia, ukiwemo ule wa Waswahili waishio mbali na pwani yao, hukutana na hesabu ileile. Anayetaka kuuanzishia kituo hana budi kuuliza mapema ni nani atakayelipa msikilizaji wa mia na mmoja atakapojiunga.